Ardhi ya Kampuni, Mti wa Ishak

Ukimwambia Ghania Mbaruk kwamba jambo fulani halina mjadala, umejitafutia mjadala. Sisi tuliofanya naye kazi pale Chake Chake, juu ya duka la vitambaa, tulikwisha kulijua hilo. Anas, mkurugenzi wetu mpya, hakulijua. Yeye alikuwa ofisi ya Unguja, na ujumbe wake wa kwanza kwetu aliumalizia kwa maneno hayo hayo.

Niseme kwanza tunafanya kazi gani, maana mama yangu mpaka leo anawaambia watu kuwa mimi natengeneza redio. Tunaandika programu ya maduka ya dawa. Inahesabu dawa zilizomo, inamwonya muuzaji dawa inapokaribia kuisha muda wake, na jioni inamfungia hesabu. Iko Konde, Wete, Mkoani, hata lile duka dogo la Makoongwe linayo. Aliyeianzisha ni Ghania na kaka yake Ishak, katika chumba hicho hicho, kwa kompyuta mbili na feni moja. Baadaye mambo yakakua, watu wa Unguja wakainunua kampuni, wakafungua ofisi kubwa huko kwao. Ishak alikuwa amekwisha kufariki. Chake tukabaki watatu: Ghania, Jabir, na mimi, Saada, mwenye mdomo kuliko wote.

Programu haiandikwi ikaisha. Leo unabadili mstari hapa, kesho mwenzio anaongeza pale, na lazima pawe na chombo cha kutunza mabadiliko yote hayo: nani kabadili, siku gani, na kwa sababu gani. Sisi tulitumia Subversion, chombo cha zamani. Hazina yote ya mabadiliko hayo inakaa kwenye mashine moja, na mashine yetu ilikaa ubavuni mwa meza ya Ghania, imefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Kuweka kazi yako, lazima uifikie mashine ile. Kusoma ya nyuma, ni huko huko. Mtandao ukikatika unakaa ukitazama ukuta.

Lakini Subversion ina kufuli, na kufuli ndilo alilolipenda Ghania. Ukitaka kulishughulikia faili unalifunga, mwenzio asije akaweka lake juu ya lako. Kufuli la mtu linavunjika kwa amri moja fupi, na amri hiyo sote tunaijua. Hatukuwahi kuitumia. Kwetu ilikuwa ni kuingia chumbani kwa mtu bila ya hodi. Unampigia mwenyewe simu, unamwomba, akikwambia fungua ndipo unafungua. Simu isipopatikana, unamfuata alipo. Watu wa Unguja walipopata habari walitucheka sana, na sisi tukawaacha wacheke.

Sasa ujumbe wa Anas. Ulisema kwamba ifikapo mwisho wa mwezi msimbo wote, yaani maandishi yenyewe ya programu, utahamia kwenye Git, chombo kipya kinachotumiwa na kila mtu duniani. Hazina itakaa Unguja, na mashine ya Chake itazimwa. Tena tutaanza upya: utachukuliwa msimbo kama ulivyo leo, na historia yake yote iachwe, kwani historia ni mzigo. Halina mjadala.

Mimi nilifurahi, sitamficha mtu. Vijana wapya wa Unguja Subversion hawaijui na hawataki kuijua. Umeme ukikatika Chake, ofisi nzima ya Unguja inapiga soga mpaka urudi. Nilikuwa natumia Git nyumbani kwa kazi zangu ndogo ndogo, na kila nikirudi ofisini nilijiona nimerudi darasa la nne. Nikamwambia Ghania, "Hili Anas kalisema kweli." Akanitazama kama niliyetia sukari kwenye mchuzi wake.

Nililolisahau ni Ishak. Kila badiliko alilopata kuliweka, alilifungia maneno mawili matatu ya kueleza sababu, na maneno yake yalikuwa vile vile alivyokuwa yeye, ya mzaha na ya ukali. Picha zake katika familia ni mbili tu, na zote kafumba macho. Sauti yake hakuna aliyeirikodi. Kilichobaki cha Ishak kimo ndani ya mashine ile, na mashine ile inataka kuzimwa. Ghania hakulisema hilo. Alichukua simu akaiweka sauti ya juu ili nasi tusikie.

"Bwana Anas, nimeusoma ujumbe wako. Jawabu ni hapana."

"Bi Ghania, lile halikuwa suali."

"Najua. Jawabu ni hapana vile vile."

Anas ana subira, hilo nampa. Akaeleza taratibu kwamba nusu ya majina yaliyomo katika historia ile ni ya watu wasiokuwepo tena kazini, na kwamba msimbo ni mali ya kampuni, ukishachukuliwa wa leo utaandikwa jina la kampuni na mambo yatakwisha.

"Wazee wako wa wapi?" Ghania akamuuliza.

"Babu yangu mzaa mama ni wa Ole."

"Ala! Wa kwetu. Basi kamuulize babu yako. Kuno Pemba shamba laweza likawa lako, na mkarafuu uliomo ukawa wa mtu mwengine. Ukinunua ardhi hujanunua miti mpaka mtajiane miti. Mlipotununua mie nalikuwepo, na miti hatukuitaja. Ardhi ya kampuni, sikatai. Mti kapanda Ishak."

"Bi Ghania, hii ni programu, si shamba."

"Mie nakwambia kwa lugha unayoijua," akasema Ghania, akakata simu.

Mambo yakakaa hivyo, hakuna aliyelegeza. Msimu wa karafuu ukaingia, na ukiingia msimu hakuna ofisi Pemba iliyotimia watu. Jabir akaomba ruhusa akachume shambani kwa baba yake, upande wa Konde. Akaondoka na laptopu yake mkobani, na faili la tarehe za dawa kalifunga. Alisema ana kazi kidogo ataimalizia huko huko usiku.

Haikupita muda, simu ikalia. Alikuwa Mwanaasha, mwenye duka la dawa la Konde, na hakungoja salamu.

"Saada! N'na mtu hapano kasimama na mtoto ana homa. Dawa naiona kwa macho yangu, n'shaishika mkononi, na kompyuta yenu yanambia haiuziki, imekwisha muda wake!"

Nikamwambia auze, aandike kwa mkono, nasi tutalitazama. Tulipolitazama tukaliona kosa. Maboksi mapya yameandikwa mwezi na mwaka tu, siku hayana. Programu yetu ilikuwa inachukulia kwamba dawa inakwisha tarehe mosi ya mwezi ule, wakati dawa ni nzima mpaka mwezi umalizike. Dawa nzuri ilikuwa inakataliwa kila duka. Kulitengeneza ni kazi ya asubuhi moja, na kazi yenyewe iko ndani ya faili alilolifunga Jabir. Simu yake haipatikani.

Anas naye habari zilimfikia, akapiga simu. "Vunjeni hilo kufuli," akasema. "Ni amri moja."

"Amri yenyewe naijua tangu weye huna ndevu," akasema Ghania. "Simvunjii mtu kufuli."

"Maduka yanakataa dawa!"

"Yanauza kwa mkono. Leo hii nitakuwa Konde."

Mimi hapo nilikasirika, tena sana. Nikamwambia kwamba huu sasa ni ukaidi mtupu, na kwamba wagonjwa hawana haja na adabu zetu. Ghania akavaa baibui lake, akatia laptopu mkobani, akasema, "Twende, utanikasirikia njiani." Nikaenda, na njia nzima nilimkasirikia kweli.

Shambani tulimkuta Jabir juu ya mkarafuu, ana upembo mkononi anavuta tawi. Chini wanawake wamekaa kwenye majamvi wanachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Ghania aliwaamkia watu wazima wote mmoja mmoja, nami nimesimama naungua. Ndipo akainua uso.

"Jabir! Nimekuja kukuomba ruhusa, nilifungue faili lako!"

Wanawake wakacheka. Jabir akashuka upesi, mikono myeusi kwa karafuu.

"La, Bi Ghania, usilifungue! Hilo la tarehe za dawa? Kazi yake mie n'shaimaliza tangu juzi. Imo kwenye laptopu. Nalitaka kuiweka Chake, mtandao ukanikatalia. Nimepanda mpaka kule kilimani nikainua simu juu, wapi!"

Tukaingia nyumbani, akaifungua laptopu, na kweli, kazi imekamilika. Yale maboksi mapya alikwisha kuyaona kabla yetu, akalitengeneza hilo hilo, tena vizuri kuliko ambavyo tungelitengeneza sisi kwa haraka. Kama Ghania angevunja kufuli, tungekuwa na marekebisho mawili ya jambo moja yanagombana, na Jabir angerudi akakuta kazi yake imekanyagwa. Kwa hiyo katika hilo Ghania alishinda. Lakini nami nilikuwa na langu. Kazi ilikuwa tayari tangu juzi, na imelala mkobani kwa kuwa Subversion haiipokei mpaka iifikie mashine moja iliyoko Chake Chake. Wakati huo Mwanaasha, aliye hapo hapo Konde, anapiga makelele.

Ghania akarudi nje, akakaa ukingoni mwa jamvi, akachota karafuu akaanza kuchambua na wenyewe. Ni mtoto wa Wete aliyekulia katika mikarafuu ya babu zake kabla haijatoka mikononi mwao, na vidole vyake havijasahau. Nikakaa karibu yake.

"Kwa Git," nikamwambia, "Jabir angeiweka kazi yake hapa hapa chini ya mti. Hazina yote angekuwa nayo mwenyewe, toka siku ya kwanza mpaka leo."

"Yote?"

"Yote. Kila mmoja anakuwa na nakala kamili. Yeye anayo, mimi ninayo, wewe unayo. Hakuna mashine iliyo kubwa kuliko nyengine, isipokuwa mkubaliane wenyewe."

"Na za Ishak?"

"Tukihama nazo, zimo."

"Na huyo wa Unguja akifuta?"

"Atafuta yake."

Ghania akacheka. Tangu ujumbe wa Anas ulipofika sikuwa nimemsikia akicheka. "Kwa nini hukunambia?"

"Nimekwambia mara ngapi? Ulikuwa unapigana."

"Na ningali napigana," akasema, akapangusa mikono. "Nilikuwa nimeshika silaha siyo, basi."

Tulimpitia Mwanaasha tukamwekea marekebisho ya Jabir moja kwa moja kwenye kompyuta yake, tukanywa chai yake na maneno yake pia. Tuliporudi Chake tukayapeleka na kwa maduka mengine, kisha Ghania akampigia Anas.

"Tunahama," akamwambia. "Lakini tunahama na vyombo vyetu vyote, hata kile kilichovunjika mkono."

"Bi Ghania, tulisema historia iachwe."

"Mlisema nyinyi."

Akaanza kazi. Kuhamisha historia ya miaka kutoka chombo kimoja kwenda chengine si kubonyeza kitufe. Inasoma badiliko moja moja, inakwama, umeme unakatika, unaanza upya. Tena Git haikubali majina ya mkato tuliyokuwa tukiyatumia. Inataka kila mtu awe na jina kamili na anwani ya barua pepe. Ishak katika Subversion alikuwa "ish" tu. Mtu wa ofisi ya Unguja akashauri kwamba wote wasiokuwepo tuwape anwani ya kampuni, iwe rahisi. Ghania akaandika Ishak Mbaruk, na mbele yake akaweka anwani ya Ishak mwenyewe, ile ya zamani ambayo hakuna wa kuifungua. Nikamuuliza ya nini. Akasema mtu huwekwa kwake.

Kilichomuuma ni kufuli. Git tunavyoitumia sisi haina kufuli. Kila mmoja anafanya lake, na mkigongana mnakaa mnapatana. Alinuna kwa hilo mpaka Jabir, aliyekwisha kurudi na ngozi iliyochomwa na jua la shamba, akamwambia, "Yakhe, Bi Ghania, kwani lile kufuli ndilo lililokuwa likituzuia? Nalikuwa sikuvunjii kwa kuwa n'nakuhishimu." Tangu siku hiyo anayeanza kazi kwenye faili anawaambia wenzake, na wenzake wanamwachia. Unguja wangali wanatucheka.

Mwisho hazina ikakamilika. Tukaihesabu, tukailinganisha na ya zamani, haikupungua kitu. Kila mmoja wetu akachukua nakala yake, na nyengine tukaipeleka Unguja kama tulivyoagizwa. Anas hakukawia kupiga simu, na safari hii subira ilikuwa imemwishia.

"Naona mmeleta takataka zote. Nilisema tuanze upya. Nitaifuta historia hii, ubaki msimbo wa leo."

"Futa," akasema Ghania.

"Ati?" akasema Anas.

"Futa, bwana. Ukimaliza hapo, panda boti uje Chake ufute yangu. Kisha ufute ya Saada. Jabir kenda shamba tena, ya kwake utamfuata Konde juu ya mkarafuu. Na kila utakapofuta mie nitairudisha, na nitaandika ndani yake kwamba tarehe fulani Anas kafuta, ili watakaokuja wakujue."

"Huo ni utovu wa nidhamu. Unajua naweza kukuachisha kazi?"

"Niachishe. Lakini na hilo uliandikie sababu, uweke na jina lako."

Ghania akakata simu, akaichukua ile mashine ya zamani, akaizima kwa mkono wake mwenyewe, akakikunja kitambaa. "Hii sasa haina kazi," akasema. "Waiuze chuma chakavu wakitaka." Nikaona kwamba haikuwa mashine aliyokuwa akiigombania, wala Subversion.

Tukangoja barua ya kufukuzwa. Haikuja. Historia haikufutwa pia. Anas hakutupigia tena mwenyewe. Alikuwa akituma watu. Pengine alimuuliza babu yake, pengine alichoka tu. Mimi nilikuwa nikiamka kila asubuhi najiuliza kama nina kazi, na Ghania anakuja ofisini anaimba kaswida.

Siku moja, kabla ya Alasiri, simu ya ofisi ikalia, nikaipokea. Alikuwa msichana, sauti changa, na adabu nyingi. Akasema anaitwa Nihal, ni mwandishi mpya wa programu Unguja, ana wiki chache tu kazini.

"Samahani, dada. Naomba kuzungumza na Bwana Ishak Mbaruk. Nimemwandikia kwenye anwani yake mara mbili, hajanijibu."

Nikaiweka simu sauti ya juu, nikaisogeza mbele ya Ghania, nikamwambia taratibu, "Wako huyu."

"Mwataka nini kwa Ishak?" akauliza Ghania.

"Nimepewa sehemu ya kufunga hesabu ya siku niisafishe," akasema Nihal. "Nikakuta mstari unaochukua mauzo ya baada ya Magharibi, unayapeleka siku inayofuata. Nikaona hili ni kosa, nikataka kuufuta. Kisha nikatazama nani kauweka na kwa nini. Kaandika hivi: 'Usinifutie. Wenye maduka wa kwetu wanafunga hesabu Magharibi, wala hawangoji saa sita ya usiku. Ukitaka kubishana, kabishane na jua.' Nimecheka peke yangu mpaka watu wamenigeukia. Nimeuacha. Lakini nina suali moja kwake. Ramadhani je? Watu wanafuturu, duka linafungwa, linafunguliwa tena baada ya tarawehe, na hapo ndipo wateja wanapojaa. Ukihesabu kwa Magharibi, mauzo mengi ya siku ile yanahesabiwa ya kesho. Hilo alilifikiria?"

Ghania alikuwa analia. Mwanamke aliyemwambia mkurugenzi futa bila ya kupepesa jicho, machozi yanamtiririka na hayapangusi. Mimi nami nikajikuta nalia, na Jabir akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Mwanangu," akasema Ghania, "Ishak hayupo. Katangulia mbele ya haki, ana miaka sasa."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Nisamehe, bibi, sikujua, jina lake limo humo kama aliyeko..."

"Usiniombe radhi. Tangu afe hakuna mtu aliyemuuliza kitu. Mie ni nduguye. Hebu lirudie suali lako, polepole."

Nihal akalirudia. Ghania akavuta kiti, akaufungua msimbo, akautafuta mstari wenyewe, akasoma maneno ya kaka yake mpaka mwisho. Akasema hapana. Akafikiri tena, akasema hapana, ngoja. Wakabishana, yule wa Unguja na huyu wa Chake, mpaka muadhini akaadhini na wakaendelea baada ya adhana.

"Kweli," akasema Ghania mwishowe. "Hapo Ishak kakosea. Badilisha, mwanangu, na jina lako liweke chini ya lake."